Kufuatilia mto kwa picha za angani: anza na kina cha maji

Kabla hujagusa programu yoyote ya akili mnemba, tafuta rekodi za kina cha maji. Wengi huchukua picha ya masika na ya kiangazi, wakazilinganisha, kisha wakatangaza kwamba mchanga umejaa na mto umehama. Mto haujahama, maji yamepungua tu. Mimi huchagua picha za msimu uleule, maji yakiwa chini.

Picha za bure zipo tele. Setilaiti za Landsat zina kumbukumbu tangu 1972, na tangu miaka ya 1980 pikseli yake (kidoa kimoja cha picha) ni mita 30. Setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa 2015, zinafika mita 10. Mto ukiwa mwembamba, rusha droni (kibali kwanza!). Kila picha ipishane na jirani yake kwa asilimia 70 au zaidi, na alama za ardhini (unazoziweka mahali palipopimwa ili picha zikae sawa) ziwe mbali na ukingo unaobomoka.

Kutenganisha maji na nchi kavu, jaribu kwanza hesabu rahisi: toa mwanga wa infraredi ya karibu (usioonekana kwa macho) kwenye mwanga wa kijani, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Kwa kawaida maji hutoka juu ya sifuri. Penye tope zito, vivuli na magugu maji, hesabu hii hukwama, na hapo ndipo modeli ya akili mnemba inapostahili kazi. Ifundishe maji, mchanga, mimea na kivuli. Kivuli kisisahaulike: ukingo mrefu asubuhi hutupa weusi ambao modeli isiyoujua itauchora kuwa mto. Sampuli nyingi za kuifundishia zichore penye utata; katikati ya maji hata mtoto angejibu. Kisha tenga kipande kizima cha mto kwa ajili ya mtihani. Ukigawa pikseli jirani, nyingine za kufundishia na nyingine za mtihani, modeli itajibu maswali iliyokwisha kuyaona, na alama zake zitakudanganya.

Kupima mmomonyoko, siamini mstari wa maji. Nafuata pale mimea inapokoma, nikipima kwa mistari inayokata mto kila baada ya umbali sawa. Badiliko likiwa chini ya pikseli moja, nyamaza.

Kona ya mto kwa kawaida huliwa upande wa nje. Ramani ikikuonyesha kinyume, fungua picha zenyewe: huenda ni wingu jepesi, au picha hazikukaa sawa. Zilinganishe upya kwa njia panda ambayo haijahama, kisha pima tena.