Beji ya kitambaa kwa kanuni za skwadroni: kuanzia mchoro hadi begani

Beji nyingi za vikundi huku Lindi na Mtwara zimebebeshwa vitu kupita kiasi: jahazi, mnazi, mwenge, mikono inayosalimiana, na jina refu la kikundi, vyote ndani ya duara la sentimita 8. Mtu akisimama hatua 10 anaona doa la rangi. Skwadroni za ndege za vita zilipambana na jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kanuni zao zinawafaa skauti, timu ya mpira na hata kikundi cha bodaboda.

Alama zao nyingi zilianza ubavuni mwa ndege. Skwadroni ya 94 ya Marekani, mwaka 1918, ilichora kofia ndefu ikipita katikati ya pete, basi. Rubani Mwitaliano Francesco Baracca alikuwa na farasi mweusi aliyesimama kwa miguu ya nyuma; ndiye farasi wa magari ya Ferrari leo. Uingereza, kuanzia 1936, ilizipa skwadroni zake fremu moja ya duara yenye taji juu na kaulimbiu chini, kinachobadilika kikawa alama ya katikati. Katika Jeshi la Anga la Marekani umbo lenyewe linasema: duara ni skwadroni, ngao ni kikosi kilicho juu yake. Chukua hilo: matawi yapewe duara, makao makuu ngao.

Sasa chagua alama moja. Lindi ina mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, yule ambaye mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na sasa iko Berlin. Shingo ndefu na mgongo unaoteremka vinamtambulisha hata akipakwa rangi moja, na kwa maoni yetu hakuna alama bora kwa mkoa huu. Bibo lenye korosho inayoning'inia chini linafaa pia. Jahazi linafaa ukiacha kamba zote na kubakiza tanga na mwili wa chombo. Chora kwa wino mweusi mtupu ndani ya duara la sentimita 9, bandika ukutani, rudi nyuma hatua 10. Asiyejua akikosea kutaja kilichochorwa, punguza.

Mnyama atazame anakoelekea mvaaji. Beji ya mkono wa kushoto, kichwa kielekee kushoto kwa anayeitazama. Mkono wa kulia, geuza. Njano isikae juu ya nyeupe, wala buluu nzito juu ya nyeusi. Rangi 6 ndizo mwisho, nyeusi na nyeupe zikiwemo.

Vipimo vya fundi wa kudarizi kwa kompyuta: herufi zisipungue urefu wa milimita 5, kwani chini ya hapo matundu ya A na O huziba. Mstari usiwe mwembamba kuliko milimita 1. Mshono wa satini, yaani nyuzi zilizolala sambamba kutoka ukingo hadi ukingo, usizidi upana wa milimita 7. Nyuzi ndefu zaidi hunasa kwenye kila kitu, kwa hiyo eneo pana lijazwe kwa mishono mifupi.

Usimpelekee picha ya simu ukadhani inatosha. Mashine inasoma faili la mishono, mara nyingi DST, na kulitengeneza ni kazi nyingine kabisa. Kosa kubwa hutokea hapa: uzi huvuta kitambaa kuelekea katikati ya mshono, na duara linatoka kama yai. Fundi aongeze milimita 0.3 hivi kwenye ncha za mishono, aweke kwanza mishono ya msingi chini, aache milimita 0.4 kati ya mstari na mstari, na aanzie katikati kwenda pembeni. Kitambaa kikijikunja kuzunguka alama, hakikukazwa kwenye fremu au hakikuwekewa kigumu (kitambaa cha kukazia) cha kutosha chini yake. Tumia kitambaa cha drili ya poliesta na tabaka 2 za kigumu. Uzi uwe wa poliesta namba 40. Wa reyoni unang'aa zaidi, lakini jiki inaumaliza.

Pembeni: duara na ngao hufungwa kwa uzi mzito wa kuzungusha ukingo. Umbo lenye kona kali halikubali. Hilo lishonwe satini kisha likatwe kwa chuma cha moto. Drili ya pamba haiyeyuki, inaungua, ndiyo maana tumesema poliesta.

Kabla ya kushonea, fua shati kwanza. Pamba mpya hurudi, beji hairudi, na bega linabaki na makunyanzi. Gundi ya pasi ishikilie tu wakati wa kushona. Kwa velkro, upande laini ukae kwenye nguo.

Epuka kitambaa cha mabakamabaka ya jeshi na chochote kinachofanana na alama za JWTZ. Agosti 2023 jeshi liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi hayo. Nembo ya taifa nayo inalindwa kwa sheria.

Agiza sampuli 1 kwenye kitambaa kilekile, ifue mara 3, ndipo uagize zilizobaki. Fundi akikukabidhi mzigo, dai na faili la DST pamoja na namba za rangi za uzi, la sivyo beji za mwakani zitatoka na kijani kingine.