Xi'an na begi mgongoni

Ukifika Xi'an, mji wa kale wa China, tafuta kitanda katika eneo lililozungukwa na ukuta wa kale, karibu na Mnara wa Kengele. Mengi utayafikia kwa miguu. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay, programu ya kulipia kwa simu, kabla ya kusafiri. Pasipoti tembea nayo yenyewe, si picha kwenye simu, maana tiketi za vivutio vikubwa hukatwa kwa namba yake.

Ukuta huo, wa enzi ya ukoo wa kifalme wa Ming, una mzunguko wa karibu kilomita 14. Upandie lango la kusini, Yongning, asubuhi mapema, ukodi baiskeli huko juu. Tenga saa mbili: matofali yanarusha tairi, na kivuli ni haba. Mvua ikinyesha, baiskeli hazitolewi.

Jeshi la udongo, yaani sanamu za askari zilizozikwa ardhini tangu kale, lililogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974, liko kilomita 40 hivi mashariki. Panda metro namba 9 hadi Huaqing Chi, kisha basi la abiria. Wapiga debe wa stesheni wapite tu; wengi watakuzungusha madukani kwanza. Sanamu zimo katika mashimo matatu: anza na shimo la 3, kisha la 2, umalizie la 1. Ukianza na la 1, lililo kubwa zaidi, hayo mengine yatakupwaya.

Jioni nenda mtaa wa Waislamu ule paomo. Utapewa bakuli na mkate mkavu: umege vipande vidogo kama punje za mahindi, ndipo upeleke jikoni utiwe mchuzi wa kondoo. Ukimega makubwa, mchuzi hauingii ndani.