Somo: Kushusha kipaumbele cha programu kwenye Windows kwa Python

Wakuu, inboksi yangu imejaa swali moja: "Kodi yangu ikianza kubadili video, mashine nzima inaganda, nifanyeje?" Naliweka hapa, tusomee wote. Dawa ni kuishushia kodi hiyo kipaumbele, yaani zamu yake ya kutumia CPU ije nyuma ya programu nyingine.

1. Fungua CMD, weka psutil (maktaba ya Python ya kusimamia programu zinazoendeshwa): pip install psutil

2. Juu kabisa ya kodi yako:

import psutil
p = psutil.Process()
p.nice(psutil.BELOW_NORMAL_PRIORITY_CLASS)

3. Hakikisha kwenye Task Manager, upande wa Details.

4. Kuchagua daraja la kipaumbele. Hapa niliumia. Yapo sita: IDLE, BELOW_NORMAL, NORMAL, ABOVE_NORMAL, HIGH, REALTIME. Nilikuwa na video ya harusi ya mteja, muda umenibana, nikaipa REALTIME michakato yote minne kwenye laptopu ya koa (core) nne, tena kama administreta. Mshale wa mausi ukasimama pale pale. Kibodi kimya. Nikazima kwa kitufe, faili la saa tatu likaharibika. Windows hupanga zamu kwa namba 0 hadi 31: NORMAL huanzia 8, HIGH 13, REALTIME 24. Kazi isiyopumzika ikikaa 24, hata nyuzi (threads, yaani vijikazi vya ndani) za mfumo zinazohudumia mausi na diski hukosa zamu. REALTIME msiiguse. HIGH iwe ya kazi fupi inayoamka, inamaliza, inalala.

MASWALI

– Mkuu nimeweka HIGH, gemu bado linakwama.
Hatua ya 4 umeisoma? Kipaumbele kinapanga nani apite kwanza, hakiongezi nguvu ya mashine.

– Nimeandika REALTIME, Task Manager inaonyesha High. Kodi yako ina kosa.
Kodi haina kosa. Hukuendesha kama administreta, Windows ikakushushia bila kukuambia. Na nimesema msiiguse.

– Samahani kaka, ffmpeg (programu ya kubadili video) ninayoiita ndani ya kodi kwa subprocess nayo inashuka?
Swali zuri sana, dada. Ndiyo. Mzazi (kodi inayoita) akiwa BELOW_NORMAL au IDLE, mtoto (programu inayoitwa) hurithi. Akiwa HIGH harithi, anaanza NORMAL. Kwa hiyo ukishusha, shusha kabla ya kuiita ffmpeg.

– Na sisi wa Linux?
p.nice(10). Ngazi ni -20 hadi 19. Namba ikiwa kubwa, programu inawapisha wenzake. Kuirudisha chini kwa kawaida kunataka root, yaani administreta wa Linux.

– Mimi CPU iko huru ila diski ndiyo inalemewa.
Ongeza p.ionice(psutil.IOPRIO_VERYLOW), hiyo ni ya Windows. Jaribu wakati unanakili faili kubwa, utuletee majibu.