Somo: Kumaliza dozi ya antibiotiki za tumbo bila kushindwa njiani

Wengi wanaotibiwa maambukizi ya utumbo huacha dawa katikati, na wanachokimbia si ugonjwa bali maudhi ya dawa: kichefuchefu, mdomo mchungu, chakula hakishuki. Inaniuma, maana mengi ya maudhi haya yanapunguzika.

Hatua ya 1: Soma jina la dawa kwenye pakiti, kwa sababu kila moja ina masharti yake.

Metronidazoli, inayotolewa sana kwa amiba na giadia (vimelea vya utumbo), imeze pamoja na chakula au mara tu baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji. Usikiache kidonge kikae mdomoni. Kikianza kuyeyuka, uchungu wake hung'ang'ania ulimini. Hata ukimeza vizuri, ladha ya chuma inaweza kuja. Piga mswaki, sukutua, nyonya pipi. Mkojo unaweza kuwa wa kahawia nzito, na hilo peke yake si hatari. Ila macho yakiwa ya manjano, nenda hospitali. Pombe usiiguse mpaka zipite siku 3 baada ya kidonge cha mwisho.

Siprofloksasini inagombana na maziwa, vidonge vya madini ya chuma, zinki, kalsiamu na dawa nyingi za kiungulia. Vikikutana tumboni, dawa haifyonzwi inavyotakiwa. Imeze saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baada yake. Kano ya kisigino ikianza kuuma, acha dawa na umwone daktari.

Hatua ya 2: Rudisha maji mwilini. Changanya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, unywe kidogo kidogo. Ukitapika, pumzika dakika 10, kisha anza tena kwa vijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga.

Hatua ya 3: Jua yasiyovumilika. Uvimbe wa midomo au uso, upele wa ghafla, kupumua kwa shida: hospitali papo hapo. Ganzi vidoleni: mwambie daktari mapema. Ukianza upya kuharisha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku, hata wiki kadhaa baada ya dozi, rudi upimwe. Antibiotiki huua pia bakteria wema wa utumbo, na bakteria aitwaye Clostridioides difficile hupata nafasi hapo.

MASWALI

Mwalimu, nimetapika muda mfupi baada ya kumeza. Nirudie?
Usirudie kwa kukisia. Mpigie mfamasia, umwambie zimepita dakika ngapi na kama umekiona kidonge kwenye matapishi.

Nimesahau dozi ya mchana, je?
Meza ukikumbuka. Kama dozi inayofuata imekaribia, iache hiyo uliyosahau. Usimeze mbili kwa pamoja.

Naruhusiwa dawa ya kufunga kuhara?
Ukiwa na homa au damu kwenye choo, hapana. Unafungia ugonjwa ndani.

Nimepata nafuu na vidonge bado vipo. Niache?
Usiache mwenyewe, ndugu yangu. Dawa ikikushinda, mwambie aliyekuandikia. Mara nyingi ipo nyingine ya kubadilisha.

Mama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ameandikiwa metronidazoli. Kuna shida?
Ipo. Metronidazoli huipa warfarini nguvu zaidi, na damu inaweza kutoka kirahisi. Asianze kabla daktari wake hajajua, na aulize lini apimwe kuganda kwa damu.