Kabla hujapuliza filimbi: adabu kwa wanamichezo wenye ulemavu

Kila ninapowaandaa wanachuo wa michezo kwa mazoezi ya kufundisha hapa Moshi, huanza na neno "pole". Tunalitoa kwa nia njema kabisa, na ndilo linaloharibu. Muhula uliopita nilimwalika kocha anayetumia kiti mwendo. Mwanachuo mmoja akamfuata, akasema "Pole, mzee," akashika kiti kwa nyuma na kuanza kumsukuma kuelekea uwanjani. Kocha akayabana magurudumu kwa viganja, akageuka: "Shikamoo yangu iko wapi?"

Basi cha kwanza ni salamu, kama kwa mtu mzima mwingine yeyote, tena aamkiwe yeye, si anayemsindikiza. Kiti chake hakishikwi bila ruhusa. Muulize, "Nikusaidie?" Akikataa, usibembeleze.

Kisha chunga ulimi. Kipofu, kiwete, kilema: maneno haya yamevishwa kiambishi kilekile cha kiti na kikombe. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 kuhusu ulemavu inasema "watu wenye ulemavu", mtu akitangulia. Ila usijifanye mjuaji kupita kiasi. Viziwi wenyewe hujiita viziwi, na chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania. "Bubu" ndilo la kuacha, na "zeruzeru" vilevile.

Filimbi haimfai mwanafunzi kiziwi, kwa hiyo beba kibendera na mkubaliane ishara kabla mchezo haujaanza. Kwa wasioona kuna goalball, mchezo wa mpira wenye kengele ndani, wachezaji watatu kila upande. Wote hufunikwa macho, hata anayeona kidogo, ili pasiwe na wa kupendelewa, na watazamaji hunyamaza kimya, maana kelele zao zinameza mlio wa kengele. Kuwanyamazisha watoto wa darasa la tano ni kazi kuliko kuufundisha mchezo wenyewe!

Mwenye ualbino apangiwe kipindi cha asubuhi, avae kofia pana, na mpira uwe wa rangi inayoonekana vizuri kwenye nyasi. Mafuta ya kumkinga na jua yamekuwa yakitengenezwa hapa hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa hiyo ulizia mapema.

Mgeni ukimwalika, andaa nauli yake kama ya mkufunzi mwingine, na jana yake pita mwenyewe njia yote, kutoka getini hadi chooni. Kocha yule amekubali kurudi. Ameshanipigia kuuliza kama zile kokoto za getini zimeondolewa. Bado.