Namna ya kuujulisha mradi wako Lubumbashi kwa mahusiano ya umma

Anayefungua biashara Lubumbashi mara nyingi huanza kwa kuchapisha bango na kulipia tangazo la redio, kisha hushangaa kwamba wateja wanaokuja ni wale wale wa barabara yake. Tangazo la kulipiwa lina kazi yake, lakini kila anayelisikia anajua kwamba ni mwenye duka anayejisifu. Mahusiano ya umma hupitia njia nyingine: unawapa watu wanaoaminiwa, kama vile mtangazaji wa redio, mchungaji, mwalimu au mkubwa wa kartie (mtaa), jambo la kweli la kusema juu yako, nao wanalisema kwa kinywa chao wenyewe. Njia hiyo haili pesa nyingi, ila inakula muda, na inakutaka uwe tayari kuulizwa maswali ambayo hukuyapanga.

Kazi ya kwanza ni kutafuta habari iliyomo ndani ya mradi wako. «Tumefungua» si habari, isipokuwa kwa jamaa zako. Tuchukue mfano wa mama mwenye mashine ya kusaga mahindi katika komini ya Katuba. Mji huu unakula bukari (ugali) kila siku, na sehemu kubwa ya mahindi na unga wake huingia kutoka Zambia kwa kupitia mpaka wa Kasumbalesa, hata kila mara njia hiyo inapobanwa bei hupanda na kila nyumba huzungumzia jambo hilo hilo. Kwa hiyo habari ya mama huyu si mashine yake, wala rangi mpya ya ukuta. Habari ni kwamba ananunua mahindi ya wakulima wa hapa hapa, na kwamba anawauzia kilo moja moja wale wasioweza kutoa pesa ya mfuko wa kilo 25. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, jirani asiyekupenda angelisimulia jambo hilo kwa mtu mwingine? Akilisimulia, umepata habari.

Baada ya hapo andika komunike, yaani taarifa kwa waandishi wa habari, isiyozidi ukurasa mmoja. Hapa ndipo wengi huanguka. Huanza hivi: «Kampuni yetu yenye sifa kemkem inayo furaha kubwa kuwatangazia wakaaji wote wa mji…», na mwandishi anayesoma makaratasi kumi kabla ya saa sita haendelei mbele. Sentensi ya kwanza ibebe jambo lenyewe: «Kuanzia Jumatatu, wakaaji wa Katuba wataweza kununua kwa kilo moja moja unga wa mahindi yaliyolimwa Haut-Katanga, kwenye mashine iliyo nyuma ya soko.» Kisha weka hesabu: unga kiasi gani kwa siku, wafanyakazi wangapi, bei gani kwa faranga. Kisha sentensi moja au mbili za mwenye mradi, zinazosikika kama mtu anayeongea, si kama barua ya ofisi. Mwishoni weka namba ya simu, na simu hiyo ishikwe na mtu anayejua majibu. Iandike kwa Kifaransa na kwa Kiswahili pia. Usipofanya hivyo, msomaji wa habari za Kiswahili ataitafsiri mwenyewe dakika tano kabla ya kuingia hewani, na jina la mradi wako litageuka kuwa kitu kingine.

Usiipeleke barua moja kwa kila redio. Sikiliza vituo kwa muda wa juma moja, uandike ni kipindi gani kinachozungumzia bei za soko, ukulima au kazi ya vijana, na nani anayekiongoza. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, na msikilizaji wake anaweza kuwa Kinshasa au Kisangani. Yeye atataka kujua swala la mahindi kwa ujumla. Redio ndogo ya mtaani itataka kujua mashine iko barabara gani. Tena usidharau matangazo ya Jumapili kanisani, maana mara nyingi yanawafikia akina mama ambao siku za kazi wako sokoni tangu alfajiri.

Kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni hulipita kimya, nalo ni coupage, yaani pesa ambayo mwandishi hungojea kupewa baada ya mkutano uliomwalika kuja kusikia habari yako. Wengi wao wanalipwa kidogo au hawalipwi kabisa, na sitawahukumu. Lakini habari iliyonunuliwa ni tangazo lililovaa nguo za habari, na atakayekuja kesho na pesa zaidi ataweza kununua habari dhidi yako. Mimi huona afadhali kusema mapema, katika mwaliko wenyewe, kwamba usafiri wa kuja na kurudi utatolewa kwa kiwango kimoja kwa wote, na kwamba hakuna bahasha nyingine. Baadhi hawatakuja. Na kwa mkutano huo usichague siku ambayo Mazembe, timu ya mpira ya mji wetu, anacheza nyumbani. Niliwahi kufanya kosa hilo, nikabaki na viti ishirini na waandishi wawili.

Kabla ya mahojiano, mwombe rafiki mkali akuulize maswali mabaya zaidi: kwa nini bei imepanda, mashine inapiga kelele usiku, nani alikupa kiwanja. Jibu kwa sentensi fupi.

Siku ya balaa itafika. Ukiambiwa kwamba unga wako umeonekana na mchanga, zungumza siku hiyo hiyo, sema unalolijua na unalolichunguza, na ufungue mlango waone. Mwaka 1906 huko Marekani, gari la moshi lilianguka majini karibu na Atlantic City na watu zaidi ya 50 wakafa. Ivy Lee, mtu wa mahusiano ya umma aliyekuwa akifanya kazi kwa kampuni ya reli ya Pennsylvania, aliishauri isifiche ajali bali iwapashe waandishi habari yenyewe, na taarifa aliyowaandikia huhesabiwa na wengi kuwa komunike ya kwanza.

Mwisho, weka daftari karibu na mzani. Kila mteja mgeni aulizwe alisikia wapi, na jibu liandikwe palepale: redio, kanisa, jirani. Baada ya mwezi mmoja utajua ni mlango upi wa kubisha tena, na ni kituo kipi ulichokipelekea komunike bila faida.