Kupanda Kibo kwa njia ya Umbwe wakati wa theluji

Umbwe ni njia fupi na kali kuliko nyingine za Kilimanjaro, na ndiyo maana ina watu wachache. Lango lake liko karibu mita 1,600; usiku wa kwanza unalala Pango la Umbwe, kama mita 2,900, wa pili kambi ya Barranco, karibu mita 3,950. Mwili haujazoea hewa nyepesi na tayari umepanda zaidi ya mita 2,300. Kwa hiyo kataa ratiba ya siku tano. Chukua siku saba: siku ya tatu panda hadi Lava Tower, mnara wa mawe ulio mita 4,600, kisha rudi kulala Barranco, siku ya nne lala kambi ya Karanga.

Theluji nyingi huanguka wakati wa masika, Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba. Chini ni mvua tupu. Kwenye mgongo mwembamba wa Umbwe utapanda kwa kushika mizizi, na mizizi iliyolowa inateleza kama sabuni: kanyaga pale inapokutana na udongo, si katikati yake.

Hifadhi hairuhusu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Kabla ya kuondoka langoni, kagua pia viatu na makoti ya wagumu, yaani wabeba mizigo. Mgumu aliyevaa raba atakwama Barranco, na hema lako litakwama naye.

Kwa theluji yenyewe, beba minyororo yenye meno ya kuvalisha chini ya buti, vitambaa vigumu vya kufunika kuanzia kamba za buti hadi chini ya goti, fimbo mbili, na miwani myeusi inayoziba pembeni. Theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua, na macho yakiungua utaanza kuhisi mchanga ndani yake saa kadhaa baadaye, mara nyingi jioni. Usivae soksi nzito mbili kwenye buti la kubana. Damu haifiki vidoleni na baridi inazidi. Glovu za kidole kimoja zina joto kuliko za vidole vitano, ila vaa nyembamba ndani yake ili uweze kufunga zipu bila kuacha ngozi wazi.

Ukuta wa Barranco, mwamba unaoupanda ukitoka kambini kwenda Karanga, unatazama magharibi, hivyo asubuhi uko kivulini na maji yaliyotiririka jana yameganda juu ya mawe. Wengi hukimbilia kuondoka saa kumi na mbili. Ikiwa usiku ulikuwa wa baridi kali, kunywa chai, subiri hadi saa mbili au tatu. Kunja fimbo uzifunge kwenye begi, maana hapa mikono ndiyo inayofanya kazi. Karanga ndicho kituo cha mwisho cha maji; kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, haina maji.

Usiku wa kileleni, chupa ikae kichwa chini ndani ya soksi. Maji huanza kuganda juu, basi mdomo wa chupa unabaki wazi. Mrija wa begi la maji ndio unaoganda kwanza. Simu na betri za akiba ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Theluji ikiwa mpya, ondoka kambi ya Barafu saa tano usiku badala ya saa sita. Anayetangulia hupiga teke mara mbili tatu kutengeneza kikanyagio; nyuma yake kanyaga hapo hapo, katikati, si ukingoni. Kila hatua nyoosha kabisa goti la mguu wa nyuma, mfupa ubebe uzito na msuli upumzike. Kama saa tatu asubuhi hamjafika Stella, ukingo wa kreta ulio mita 5,756, geuzeni: mawingu hupanda na theluji hulainika, chini yake kokoto zinasogea.

Wakati wa kushuka, tanguliza kisigino, legeza magoti, kifua mbele kidogo. Anayeegemea nyuma kwa woga ndiye anayeteleza. Theluji laini ikiganda kwenye meno ya minyororo, gonga buti kwa fimbo kila hatua chache.

Mtu akilalamika kuumwa kichwa, huenda ni ugonjwa wa mwinuko; mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akiyumba, ashushwe saa hiyo hiyo akiwa na mwongozaji, hata kama ni usiku wa manane. Dawa ya maumivu itaficha tu maumivu ya kichwa.

Njia ya Western Breach, inayochepuka juu ya Barranco, iache. Maji yaliyoganda ndiyo yanayoshikilia mawe yake, nayo yakiyeyuka mawe yanaachia; Januari 2006 mawe yaliua wapandaji watatu pale.